Wasomaji Wauliza: Mdundo Mmoja, Nyimbo Mia

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu muziki wa vijana, na karibu zote zimeandikwa kwa uchungu. Nimechagua nne, na nitazijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa uzito wake pia haulingani.

*SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro, mji uliompa Tanzania Mbaraka Mwinshehe. Kila daladala ninayopanda inapiga wimbo ambao siwezi kuutofautisha na ule wa jana. Kuna kishindo fulani cha besi kinachojirudia, mwimbaji anaingia amechelewa, anasema maneno machache, kisha kishindo kinarudi. Je, vijana wetu wameishiwa vipaji, au ni masikio yangu yaliyozeeka?*

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Masikio yako bado ni mazima, kwani umeeleza kwa usahihi jinsi amapiano inavyojengwa, ingawa hukuitaja jina. Muziki huo ulizaliwa katika vitongoji vya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 2010, na watu wa Pretoria na wa Johannesburg mpaka leo wanabishana ni nani aliyeanza. Ndani yake mna kwaito, ule muziki wa vijana wa Afrika Kusini wa miaka ya 1990, mna muziki wa haus uliopunguzwa mwendo, na mna vinanda vyenye harufu ya jazi. Mwendo wake ni wa wastani, mapigo kama 110 hadi 115 kwa dakika, na hiyo ndiyo sababu mtu wa umri wako anaweza kuucheza bila kupoteza pumzi, kama akitaka.

Ukipanda daladala tena, hebu sikiliza kwa mpangilio huu. Kwanza utasikia kitu kama kayamba kinachochakarika bila kupumzika. Juu yake kinanda kinaweka sauti mbili tatu na kuziacha zining'inie. Kisha, baada ya kusubirishwa kwa muda ambao wewe unauona mrefu mno, inaingia ile besi inayodunda na kuteleza. Besi hiyo haikupigwa kwenye ngoma yoyote. Ni sauti iliyopikwa ndani ya kompyuta, hasa katika programu ya FL Studio, na mtayarishaji akishaipata anaigeuza apendavyo bila kuhitaji mpiga gitaa, mpiga tumba wala chumba cha kurekodia kilichozibwa kuta. Kijana wa Soweto na kijana wa Tandale wanaanza kazi wakiwa na sauti ileile mezani. Kufanana unakokulalamikia kunaanzia hapo, kwenye chombo, kabla hata hatujafika kwenye suala la kipaji.

Huku kwetu mdundo huo ulishika kasi kuanzia mwaka 2021, Marioo alipotoa "Bia Tamu", ukaendelea na "Single Again" ya Harmonize mwaka 2023, na ukavuka bahari na "Komasava" ya Diamond Platnumz, ambayo aliimba na Khalil Harisson na Chley kabla ya Mmarekani Jason Derulo kuongezwa katika toleo la mwaka 2024. Kabla ya hapo tulikuwa tukiwatazama Wanigeria. Utakumbuka kwamba mlango wa Diamond kuingia Afrika Magharibi ulikuwa "Number One" aliyoirudia pamoja na Davido mwaka 2014. Na kabla ya wote hao, mwalimu, kizazi cha wazee wako kilikuwa kikinunua santuri za GV zenye muziki wa Cuba, ambazo zilianza kuletwa Afrika miaka ya 1930, na bendi za dansi unazozipenda zilijifunzia rumba humo na kwa wanamuziki waliotoka Kongo. Kukopa si jambo jipya hata kidogo.

Hata hivyo sitaki nionekane nawatetea vijana kwa kila kitu. Bendi za zamani zilikopa rumba, lakini kila moja ililazimika kuwa na mtindo wake wenye jina na uchezaji wake: Mlimani Park walikuwa na Sikinde, JUWATA walikuwa na Msondo, Maquis walikuwa na Kamanyola, na shabiki alijua ni nani anayepiga kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Leo msanii anachukua mdundo, anachukua na vituo vya katikati ya wimbo, anachukua hata vibwagizo vya Kizulu ambavyo huenda yeye mwenyewe hawezi kukueleza maana yake. Hapo ndipo mimi huzima redio. Bongo Fleva ina hazina ambayo Gauteng haina, yaani ule uimbaji wa mwambao unaovuta silabi na kuizungusha kabla ya kuiachia, na nyimbo za amapiano zilizoimbwa na Watanzania ambazo bado nazisikiliza ni zile ambazo uimbaji huo haukutupwa. Pima wimbo kwa sauti inayokaa juu ya mdundo, si kwa mdundo wenyewe, na utaona kwamba si zote zinafanana.

*SWALI: Naishi Muscat, wazazi wangu wanatoka Unguja. Nilipokuwa mdogo mama alitukataza singeli kwa kuwa ni muziki wa kihuni. Sasa rafiki zangu walioko Ujerumani na Uingereza wananiambia inapigwa kwenye matamasha ya huko. Je, ni kweli, na wanaipendea nini muziki ambao sisi wenyewe tunauonea haya?*

JIBU: Ni kweli, dada yangu, na si habari ya jana. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso, studio iliyoko Mburahati jijini Dar es Salaam, na tangu hapo watayarishaji na wachanaji wa singeli wamekuwa wakialikwa Ulaya mara kwa mara.

Wazungu wanachokisikia kwanza ni kasi. Singeli huenda mapigo 200 kwa dakika, na baadhi ya kazi za Sisso hukaribia 300, mwendo ambao hata madisko ya Berlin hayauzoei. Lakini wewe uliyelelewa katika nyumba ya Kizanzibari unaweza kusikia jambo ambalo wao hawalisikii. Tafuta wimbo wowote wa singeli ya zamani kidogo, uweke spika za masikioni, usisikilize anayechana. Sikiliza kile kinanda kinachozunguka nyuma yake. Mara nyingi utakuta ni kipande cha sekunde chache cha taarabu ya kisasa, kimekatwa, kikaongezwa kasi mpaka sauti ikawa nyembamba, kisha kikarudiwa tena na tena. Mama yako alikataza singeli huku taarabu anayoipenda ikiwa imejificha humo humo.

Baba wa singeli ni mchiriku, ngoma ya uswahilini iliyopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti vya kuungaunga, sauti ikikwaruza hadi mtaa wa tatu. Kinanda kilipobadilishwa na kompyuta, kazi ya vidole ikawa kazi ya kukata na kubandika, na kasi ikapanda kwa kuwa kompyuta haichoki mkono. Uwanja wake ulikuwa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na sifa mbaya aliyokuwa akiiogopa mama ilitoka huko zaidi kuliko kwenye muziki wenyewe. Sherehe zilikuwa na matusi na ugomvi, hilo siwezi kulikana. Lakini redio ya EFM ya Dar es Salaam iliipa singeli nafasi hewani wakati stesheni nyingine zikiipita mbali, Msaga Sumu akawa jina la taifa zima, Man Fongo akavuma mwaka 2016 na "Hainaga Ushemeji", na baadaye nyota wa Bongo Fleva waliokuwa wakijitenga nayo wakaanza kuionja, Harmonize na Zuchu wakiwamo.

Ninachokiona kuwa aibu ya kweli ni kingine. Yule mpiga kinanda wa taarabu ambaye vidole vyake vinazunguka ndani ya nyimbo hizi si desturi kutajwa jina, wala haielekei kama kuna anayemtafuta kumpa chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, lakini kijana anayepika mdundo chumbani kwa usiku mmoja haifikirii kabla ya kubonyeza, na lebo ya nje inayouza kazi hiyo haiwezi kulipa jina ambalo halikuandikwa popote. Ukiulizwa tena na rafiki zako wa Ujerumani, waambie hilo pia.

*SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Nairobi. Kwa nini nyimbo mpya zinaisha kabla sijaanza kucheza? Nyingine hazifiki hata dakika mbili na nusu, na zinaanza moja kwa moja na kiitikio.*

JIBU: Kwa sababu anayehesabu sasa ni simu. Spotify, iliyofunguliwa Kenya na Tanzania mwaka 2021, huhesabu kwamba umesikiliza wimbo ukishafikisha sekunde 30. Ukiuruka katika sekunde ya 29, msanii hana chake. Tena, tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha visikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa na jukwaa hilo. Ongeza TikTok, ambako kinachosafiri ni kipande kifupi cha kuchezea, na utaelewa kwa nini mtunzi anaweka kiitikio mlangoni.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa kiasi kikubwa ile arbantone yenu. Gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi wa akina Ethic, ilivuma mwaka 2018 kwa kelele mpya kabisa, lakini arbantone iliyofuata miaka michache baadaye inajengwa juu ya midundo ya zamani ambayo mtoto wa Nairobi aliisikia kwenye matatu kabla hajaanza shule. Wimbo ambao mdundo wake unautambua katika sekunde ya kwanza huuruki haraka. Wengine wanauita uvivu; mimi naona ni hesabu nzuri iliyopata bahati ya kuwa pia ni burudani.

Kilichopotea kwa wazi ni chemko. Katika wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980, uimbaji ulikuja kwanza taratibu, hadithi ikasimuliwa mpaka ikaisha, ndipo magitaa yakachemka na ukumbi mzima ukasimama. Mpangilio huo ulidai msikilizaji mwenye dakika saba au nane na bia mkononi. Siku hizi wimbo unaanza na chemko na kuishia hapohapo. Ukitaka kucheza zaidi, DJ atakuunganishia nyimbo tatu mfululizo, na kwa kweli ndivyo amapiano inavyosikilizwa kwao: matoleo marefu ya ukumbini yapo, ya dakika sita hadi nane, ila hayo si yale yanayofika kwenye simu yako.

*SWALI: Je, ni lazima kila msanii agombane na mwenzake au aachane na mpenzi wake wiki moja kabla ya kutoa wimbo? Tumechoka na kiki. – Msomaji, Tabora*

JIBU: Si lazima, ila ni rahisi kuliko kulipia matangazo. Hata hivyo usidhani kiki ilizaliwa Instagram. Miaka ya 1990 Khadija Kopa wa kundi la taarabu la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walikuwa wakirushiana mipasho jukwaani, mashabiki wakigawanyika pande mbili, na viingilio vikilipwa ili kusikia jibu la juma lile. Tofauti ni kwamba ugomvi wao ulikuwa ndani ya nyimbo zenyewe: ulilazimika kuusikiliza wimbo, tena kwa makini, ndipo ujue nani kachambwa na kwa lipi. Kiki ya leo unaweza kuifuata kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuusikia wimbo hata mara moja, na nadhani wasanii wenyewe wameanza kuligundua hilo, maana wapo waliozungumzwa nchi nzima kwa mwezi mzima na wimbo ukabaki palepale. Wewe ukichoka, usibonyeze.