Vinundu na mashimo ya mifupa vina kazi gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasomea uuguzi, mwaka wa kwanza. Kila mfupa tunaoshika maabara umejaa vinundu, mashimo, matundu na mifereji, na kila kimoja kina jina lake. Nimekariri mpaka nimechoka. Je, vina kazi yoyote, au ni maumbile tu?

Jibu: Marahaba. Hiyo orodha ya majina iache kwanza. Ukishika mfupa, jiulize: hapa palivutwa na nini, palikutana na nini, au palipitiwa na nini?

Anza na mwili wako. Weka kidole nyuma ya sikio la kushoto, kwenye mfupa uliochomoza, kisha geuza uso kulia. Utaona msuli mnene ukijitokeza shingoni, unatoka kidarini na kwenye mtulinga na kuishia pale pale kidole kilipo. Mtoto mchanga hazaliwi na kinundu hicho. Kinakua baadaye, shingo ikishakaza na msuli ukianza kuvuta. Kile kilichoko chini ya pia ya goti nacho ni hivyo hivyo: kano ya misuli ya paja imeshika hapo, na kwa vijana wanaokua wakikimbia na kuruka sana huweza kuvimba na kuuma.

Mifupa inapokutana, uso huwa laini, umefunikwa kwa gegedu. Hapo tazama kina cha shimo. Kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe, kwa hiyo kinabeba uzito wa mwili bila kuteguka ovyo. Begani hakuna kikombe, kuna kisahani chenye kina kifupi tu. Ndiyo maana mkono unazunguka pande zote, na ndiyo maana bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga.

Matundu mengi ni njia za neva na damu. Kubwa la chini ya fuvu ndipo ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Ila usidanganyike na ukubwa: lile tundu pana la mbele ya nyonga karibu lote limezibwa na utando, na misuli imejishikiza humo. Kinachopita ni neva na mishipa michache, juu kabisa, kwenye upenyo mdogo.

Nakuomba sana usiupite haraka mfereji usio na kina unaokata mshazari nyuma ya mfupa wa mkono, kati ya bega na kiwiko. Humo inalala neva ya misuli inayonyanyua kiganja, imegusana na mfupa kabisa. Mfupa ukivunjika hapo, neva inaweza kuumia na kiganja kikaning'inia. Kwa hiyo ukipokea mgonjwa wa namna hiyo, kabla hajafungwa banzi mwambie anyanyue kiganja, uandike ulichoona. Akishafungwa, mwambie tena.