Usimchagulie mtoto kazi, hata kwenye mchezo

Shemeji yangu anayeishi Dubai alitutumia video ya wanawe wakiwa KidZania, ule mji wa watoto ulio ndani ya Dubai Mall. Mmoja kavaa kofia ya zimamoto, mwingine ni rubani, na wakimaliza kazi wanalipwa pesa za humo humo ziitwazo kidZos. Mji wa kwanza wa aina hiyo ulifunguliwa Mexico mwaka 1999. Wanangu waliitazama mpaka bando zikaisha, kisha wakaanza: "Mama, na sisi twende."

Wakati wa likizo nikasikia pana mahali hapa Mombasa pamewekwa michezo ya kazi kwa watoto. Nikawapeleka. Binti yangu, kifungua mimba, ana miaka 9. Alikwenda moja kwa moja kwenye tuktuk ya mbao. Mimi nikamvuta mkono hadi kwenye koti jeupe la daktari, nikatoa simu nimpige picha. Picha ninayo mpaka leo na inaniuma, kwa sababu uso ule ni wa mtu aliyenyang'anywa kitu. Njia nzima ya kurudi Kisauni hakunisemesha.

Safari ya pili hatukulipa kiingilio popote. Jumamosi baada ya alasiri, jua limepunguza ukali, tukapanda tuktuk hadi Mama Ngina, bustani ya ufukweni. Niliwaambia kila mmoja atazame watu wanaofanya kazi, achague anayetaka kuwa yeye. Simu ikabaki mkobani.

Mdogo, miaka 6, akamchagua mama anayekaanga krispi za mhogo. Nilimwendea kwanza peke yangu, na hili nalisisitiza: zungumza na mwenye kazi kabla mtoto hajafika, nunua kitu chake, na usimwendee wateja wakiwa wamejaa. Alikubali kwa sharti moja, mtoto asisogelee karai. Akamketisha upande wa pili wa meza, akampa mkebe wa pilipili na chumvi.

Mtoto akamwaga kiganja kizima. "Babangu, hupandi mbegu," yule mama akamwambia, akamshika vidole vitatu: chukua kidogo, inua mkono, sugua, ishuke kama vumbi. Mara ya nne akapata. Mteja akaja na noti ya 100 kwa mhogo wa 50. Mwanangu akahesabu chenji kwa sauti: ishirini, ishirini, akamalizia na sarafu ya tano. Mdomo wangu ulikuwa ushafunguka nimsahihishe. Yule mama akanikonyeza ninyamaze. Mteja naye, Mungu ambariki, akangoja. Mtoto akazitazama tena zile sarafu kiganjani mwa mteja, akaichukua ile ya tano, akaweka ya kumi.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo pagumu. Mikono yetu ni myepesi kusaidia, na tukisaidia mapema mtoto huacha kuitazama kazi, akatutazama sisi. Muda nao uwe mfupi. Nusu saa yatosha. Ikizidi hapo si mchezo tena, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtumikisha mtoto. Ujira wake ulikuwa pakiti moja ya mhogo. Alikula nusu, nusu akamwekea nyanya yake.

Binti yangu alirudi kwenye tuktuk yake, safari hii tuktuk ya kweli. Dereva aliyetuleta alikuwa amezima injini akipumzika, akamwachia kiti cha mbele. Akatugeuza abiria, akaita "Marikiti! Posta! Marikiti mmoja!" mpaka sauti ikakauka. Kisha akaanza kumuuliza dereva maswali ambayo mimi nisingeyawaza. Akajua kuwa tuktuk si ya dereva, na kwamba kila jioni sharti ampelekee mwenye chombo hesabu yake, yaani fedha za siku hiyo, kabla hajajihesabia ya kwake.

"Na ukiumwa?"

"Hesabu inaningoja, mamangu."

Usiku huo nilimkuta na daftari, anajumlisha petroli na hesabu ya siku 6 aone dereva anabakiwa na ngapi. Jumamosi ijayo anataka twende Likoni, awaone wanaoshusha mlango wa feri. Kwa miguu kuvuka ni bure. Nitampeleka asubuhi, msongamano wa wanaokwenda kazini ukishapungua, na mkono wake siuachi mpaka tufike ng'ambo.