Safu ya Mbele Kwanza, Kwotabeki Baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama timu ya chuo kikuu katika futiboli ya Marekani inahitaji kwotabeki nyota ili ishinde. Jibu langu ni hapana. Inahitaji kwotabeki asiyewagawia wapinzani mpira, na ambaye mara moja au mbili kwa msimu, maji yakimfika shingoni, anaweza kupiga pasi nne tano za uhakika. Huyo ni mchezaji mzuri, lakini simwiti nyota. Nyota ni yule ambaye ukimtoa, timu inabaki gofu.

Kwa aliyezoea soka tu: timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, na ikifaulu inapewa nne nyingine. Karibu kila nafasi huanza kwa mpira kurudishwa kwa kwotabeki, naye humkabidhi mkimbiaji, hukimbia mwenyewe, au hurusha pasi. Kwa kuwa kila kitu kinapitia mikononi mwake, anabebeshwa sifa na lawama kuliko anavyostahili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Timu ikikimbia nafasi ya kwanza ikapata yadi 4, ya pili ikapata 3, inafika nafasi ya tatu ikidaiwa yadi 3 tu. Hapo kocha anaweza kupiga katikati, kutoa pasi fupi, au kumwambia kwotabeki ajipenyeze mwenyewe, na ulinzi haujui ukabe nini. Lakini mkimbiaji akizimwa palepale nafasi ya kwanza, na ya pili ikaleta yadi 1, deni ni yadi 9 na uwanja mzima unajua pasi inakuja. Mabeki wanarudi nyuma, wale wa pembeni wanamfukuzia kwotabeki, naye ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu akibahatika. Wa kawaida anazama hapo. Nyota atajiokoa mara ya kwanza na ya pili, lakini mchezo ukiendelea hivyo jioni nzima naye ataangushwa au pasi yake itanaswa. Kinachoamua deni liwe yadi 3 au yadi 9 ni wale watu watano wa safu ya mbele, wanaomkinga kwotabeki na kumfungulia mkimbiaji njia, ambao watangazaji huwataja wakikosea tu.

Vyuoni jambo hili lina uzito kuliko kwenye ligi ya kulipwa, na sababu zipo. Ligi ya kulipwa hugawa vijana wapya kwa zamu, timu dhaifu ikianza kuchagua. Vyuoni hakuna zamu: kila kijana huenda anakotaka, na wenye miili na kasi hurundikana kwenye vyuo vichache. Chuo kikubwa kinaweza kuwa na safu ya mbele inayowasukuma wapinzani wake wengi msimu mzima, na hapo kwotabeki wa wastani anatosha. Kisha kuna uwanja wenyewe. Upana wake ni futi 160, na alama mbili zinazoamua mpira uanzie wapi zimeachana futi 40 vyuoni, wakati kwenye ligi ya kulipwa ni futi 18 na nusu. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia una futi 100 za wazi. Eneo kubwa namna hiyo halizibiki kirahisi, kwa hiyo kwotabeki mwenye miguu na akili iliyotulia anapata yadi ambazo kwingine zingedai mkono wa dhahabu.

Mbinu moja nitaitazama kwa karibu, maana ndiyo imewapa makwotabeki wengi wa kawaida ushindi. Safu ya mbele inamwacha kwa makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila kumzuia. Kwotabeki anauweka mpira tumboni kwa mkimbiaji anayepita mbele yake, mikono yote miwili bado imeushika, macho yakiwa kwa yule mlinzi. Mlinzi akiingia ndani kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa na kutoka nje. Mlinzi akibaki pembeni, kwotabeki anamwachia mkimbiaji mpira. Kwa kuwa mlinzi huyo ameshindwa bila kuguswa, timu ina mzuiaji mmoja wa ziada kwingineko. Hapa hakuna pasi ya yadi 50, kuna nidhamu. Makosa ni yaleyale: kwotabeki anachelewa kuamua, watu wawili wanang'ang'ania mpira mmoja na unadondoka, au anamtazama mkimbiaji badala ya mlinzi, anabahatisha. Ulinzi wenye kocha mjanja nao hubadilishana kazi: wa pembeni anaingia ndani kwa hadaa, aliyekuwa nyuma yake anazunguka nje kumsubiri kwotabeki. Dawa ni marudio mengi mazoezini mpaka macho yaamue kabla ya kichwa.

Chuo cha kijeshi cha West Point kimeishi kwa mbinu za ukoo huo. Septemba 2018 walikwenda kwa Oklahoma, ambao kwotabeki wao, Kyler Murray, ndiye aliyetwaa mwaka huo tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. West Point waliushika mpira karibu dakika 45 kati ya 60, Murray akabaki benchi anatazama, na Oklahoma wakaponea muda wa nyongeza, 28-21. Walishindwa, ndiyo, lakini msimu wao uliisha na ushindi 11 na vipigo 2.

Kwenye ubingwa wenyewe, mfano unaonitosha ni Ohio State ya 2014. Kwotabeki wao wa kwanza, Braxton Miller, aliumia bega kabla msimu haujaanza. Wa pili, J.T. Barrett, alivunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Akabaki wa tatu, Cardale Jones, ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja. Alianza tatu: Wisconsin 59-0, Alabama 42-35, na fainali dhidi ya Oregon 42-20, Oregon yenye Marcus Mariota, mshindi wa Heisman. Jones ana mkono wenye nguvu, simnyimi haki yake. Lakini katika mechi hizo tatu mkimbiaji Ezekiel Elliott alipata yadi 220, 230 na 246. Mkimbiaji hapati yadi hizo kwa Alabama kama njia haijafunguliwa mbele yake. Na Alabama yenyewe ilikuwa imetwaa ubingwa wa msimu wa 2009 kwa kuifunga Texas 37-21, siku ambayo kwotabeki wake, Greg McElroy, alikamilisha pasi 6 tu kwa yadi 58.

Upande wa pili upo, na haufai kufichwa. Auburn walimaliza 2009 na 8-5, yaani ushindi 8 na vipigo 5. Mwaka 2010 akaja Cam Newton: tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 30 kwa pasi, 20 kwa miguu yake, timu 14-0 na ubingwa. Akaondoka, na 2011 wakarudi kwenye 8-5 ileile. Huyo alibeba timu mgongoni. Ila ni wachache mno wa aina hiyo, na kocha anayepanga chuo chake kwa kumsubiri Newton atasubiri mpaka afukuzwe kazi.

Wengi watamtaja Joe Burrow, kwotabeki wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mwaka 2018 alipiga pasi 16 za tachidauni, timu ikamaliza 10-3. Mwaka 2019, mtu yuleyule, pasi 60 na 15-0. Naamini alikua, lakini pia LSU walimleta kocha Joe Brady na mfumo mpya wa pasi, wapokeaji pasi Ja'Marr Chase na Justin Jefferson wakakomaa, na safu ya mbele ikashinda tuzo ya kuwa bora nchini. Mtazame sasa Patrick Mahomes, ambaye kwa kipaji sioni wa kumzidi. Oktoba 2016, akiwa Texas Tech, alirusha pasi za yadi 734 dhidi ya Oklahoma katika mechi moja. Kila timu ilimaliza na yadi 854, na Texas Tech wakafungwa 66-59. Msimu wao ulikwisha 5-7. Ulinzi wao ulikuwa chujio, na hakuna mkono unaoziba chujio.

Sasa zile pasi nne tano. Fainali ya Januari 2022, Georgia na Alabama. Stetson Bennett wa Georgia aliingia chuoni bila ufadhili. Bryce Young wa Alabama alikuwa mshindi wa Heisman. Robo ya mwisho Bennett akapoteza mpira, Alabama wakafunga na kuongoza 18-13. Akarudi uwanjani akapiga pasi ya yadi 40 ya tachidauni, kisha nyingine ya yadi 15, na ulinzi ukamaliza kazi kwa kunasa pasi ya Young: 33-18. Ulinzi huo ulitoa wachezaji watano katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa ligi ya kulipwa mwaka huohuo. Bennett alitakiwa kutozama baada ya kosa lake, basi, na hakuzama.

Kinachoniuma ni kwamba kamati inayochagua timu za mchujo ililijibu swali lenu kinyume. Novemba 2023 kwotabeki wa Florida State, Jordan Travis, aliumia vibaya mguu. Wenzake waliendelea kushinda. Fainali ya kanda yao waliichukua 16-6 na kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Walikuwa 13-0, na bado kamati iliwaacha nje ya timu nne, ikisema bila Travis si timu ileile. Najua baadaye Georgia waliwapiga 63-3, lakini siku hiyo wachezaji wengi wa Florida State walikuwa wamejiondoa. Mchujo ukachezwa bila wao. Michigan waliokolewa na mfululizo mmoja wa mashambulizi wa yadi 75 dhidi ya Alabama, ambapo kwotabeki wao, J.J. McCarthy, alikamilisha pasi ya yadi 27 katika nafasi ya nne, zikidaiwa yadi 2. Kisha kwenye fainali dhidi ya Washington ya Michael Penix, aliyerusha pasi 51, Michigan walikimbia yadi 303. McCarthy alikamilisha pasi 10, na ubingwa ukaenda kwao, 34-13.