Masafa ya Gulfstream G650: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Je, G650 inaweza kuruka bila kutua kutoka Mtwara hadi New York? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

Swali hili linanifikia kila mara, na kila muulizaji ananakili namba ileile ya masafa ya jeti hii binafsi ya Marekani, kilomita 12,964, bila kutazama masharti yake. Masafa hayo ni ya mwendo wa Mach 0.85 (Mach 1 ndiyo kasi ya sauti), abiria wanane na anga isiyo na upepo. Rubani akiongeza mwendo hadi Mach 0.90, yanashuka hadi kilomita 11,112. Kutoka Mtwara hadi New York ni karibu kilomita 12,800, na anayevuka Atlantiki kuelekea magharibi kwa kawaida hukutana na upepo wa mbisho. Rubani makini atapanga kutua njiani kuongeza mafuta.

Lipo pia jambo ambalo hamkuuliza. Ikijaza matangi, yaani tani 20 za mafuta, ndege hii hufikia tani 45 na kuhitaji mita 1,786 za njia ya kurukia, lakini kipimo hicho ni cha usawa wa bahari kwenye nyuzi joto 15. Saa nane mchana mwezi wa Desemba, lami ya uwanja wa Mtwara inapowaka hadi mwisho wa njia unaonekana kama maji yanayochezacheza, hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na mita hizo huongezeka. Mwenye ndege asimshinikize rubani aondoke saa hiyo.

Inapita kasi ya sauti? (Msomaji, Mikindani)

Haipiti. Kikomo chake ni Mach 0.925. Nimekwisha kulijibu hili. Tafadhalini someni kwanza.

Inafaa kwa kiwanja cha changarawe? (Msomaji, Nachingwea)

Haifai. Tafuta Pilatus PC-24 ya Uswisi, iliyobuniwa kwa viwanja visivyo na lami.

Kwa nini abiria wake hawachoki sana? (Msomaji, Lindi)

Kwa sababu ya shinikizo la hewa ndani. Chupa ya maji uliyoifunga tupu ukiwa angani hunywea ndege inaposhuka Mtwara, kwa kuwa hewa uliyoifungia humo ilikuwa nyepesi. Katika ndege nyingi za abiria, hewa ya ndani huweza kuwa kama ya mwinuko wa futi 8,000. G650 ikiwa futi 51,000, hewa yake ya ndani ni nzito zaidi, kama ya mwinuko wa futi 4,850, chini kidogo ya ule wa mji wa Iringa.

Iliruka Novemba 2009. Kwa nini iliidhinishwa Septemba 2012 tu? (Msomaji, Masasi)

Miaka mitatu si mingi kwa ndege mpya, na ninaomba tuache kuuliza kana kwamba majaribio ni ucheleweshaji. Tarehe 2 Aprili 2011, huko Roswell, New Mexico, G650 ilikuwa ikijaribiwa kuruka kwa nguvu ya injini moja, bawa la kulia likapoteza nguvu ya kuinua ndege ikiwa bado karibu na ardhi, na wote wanne waliokuwamo, marubani wawili na wahandisi wawili, wakafariki. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba kampuni ilikuwa imekadiria vibaya pembe ya bawa dhidi ya hewa inayolijia ambayo lingeshindwa kuinua ndege likiwa karibu na ardhi, tena iling'ang'ania kasi ndogo mno ya kuondokea ili itimize urefu wa njia ya kurukia iliokwisha kuwaahidi wanunuzi. Bawa lilikuwa limekwisha kuangukia upande mmoja mara mbili katika majaribio ya awali, na matukio hayo hayakuchunguzwa ipasavyo.