Kodi ya Mshahara, Kima cha Chini na Mafuta ya Hoima: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka Kampala, Jinja, Hoima, Mbale na Kasese, na karibu yote yanauliza nani anabeba mzigo wa nchi hii, Uganda, na nani anakula matunda yake. Ninajibu nikiwa na msimamo ulio wazi: mwenye uwezo zaidi achangie zaidi, na huduma za umma ni haki ya raia, si hisani ya mtawala.

Mwalimu wa shule ya binafsi, Kampala: "Mshahara wangu ni shilingi 1,000,000 na kodi inakatwa kabla sijaugusa. Mwenye nyumba wangu hukusanya pango la kiasi hicho hicho kila mwezi. Je, analipa kodi kama mimi?"

Halipi kama wewe, hata akifuata sheria kikamilifu. Kwa vizingiti vilivyowekwa mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza za mshahara hazitozwi kitu, 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10, kisha 75,000 asilimia 20, na kinachozidi 410,000 hadi milioni 10 hutozwa asilimia 30. Kwa mshahara wako, kodi inafika 202,000. Ukiondoa na mchango wa asilimia 5 wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, unarudi nyumbani na 748,000. Mtu binafsi anayepokea pango la milioni 12 kwa mwaka, kwa utaratibu ulioanza mwaka 2022, husamehewa 2,820,000 za kwanza, na kinachobaki hutozwa asilimia 12. Hiyo ni 1,101,600 kwa mwaka, yaani 91,800 kwa mwezi, ambayo haifiki nusu ya unachokatwa wewe. Ni kweli kwamba mwenye nyumba haruhusiwi kutoa gharama za ukarabati kabla ya kutozwa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini wewe nawe huruhusiwi kutoa nauli ya bodaboda wala karo ya watoto.

Tena hapo nimechukulia kwamba mwenye nyumba anatangaza pato lake lote. Mshahara wako hauwezi kujificha, kwa sababu mwajiri ndiye anayeukata, ilhali pango linalolipwa mkononi bila risiti linaweza kutoonekana kabisa. Ndiyo maana serikali zetu hupenda kutoza pale pesa inapoonekana kwa urahisi, hata kama aliyeishika ni maskini. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya pesa za simu: kodi ya asilimia 1 iliwekwa kwa kila kuweka, kutuma na kutoa, mpaka wananchi walipolalamika kwa nguvu ikabaki nusu ya asilimia kwa kutoa tu. Mama anayepokea 100,000 kutoka kwa mwanawe aliyeko mjini hutozwa 500 kwa wakala, juu ya ada ya kampuni, kwa pesa ambayo si faida wala biashara. Na mwaka 2016 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuziondoa posho za wabunge katika kodi ya mapato. Mtu anayeona haya yote mawili katika nchi moja ana haki ya kukasirika.

Kinachotakiwa kinajulikana: kizingiti cha mshahara kipandishwe kadiri bei zinavyopanda, pango litozwe kwa ngazi ili mwenye chumba kimoja cha kupangisha asilingane na mwenye majumba kumi, na misamaha ya kodi wanayopewa wawekezaji wakubwa itangazwe kwa jina na kiasi, ili Bunge liulize kila mwaka kama ajira zilizoahidiwa zimepatikana.

Mfanyakazi wa kiwanda, Jinja: "Meneja anatuambia kwamba kima cha chini cha mshahara kikiwekwa, viwanda vitapunguza watu au kuhamia Kenya."

Kenya ina kima cha chini cha mshahara, na Tanzania pia inacho, kwa hiyo huko hawatakimbia sheria. Sisi tuna kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, pesa ambayo leo hainunui lita mbili za petroli. Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha hali hiyo mwaka 2019, lakini Rais Museveni hakuutia saini.

Hofu ya kupoteza kazi inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, ilhali jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya pande zote mbili na hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Card alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyompatia. Jinja si New Jersey, nami siwezi kukuahidi matokeo yale yale. Hata hivyo, mantiki yake inatuhusu: mji ukiwa na waajiri wachache na watafuta kazi wengi getini kila asubuhi, mshahara hushushwa chini ya thamani ya kazi yenyewe, na sheria inaweza kuupandisha bila mtu kufukuzwa. Kiwango kikiwekwa juu mno, madhara yatakuwepo. Ndiyo sababu kipangwe kwa sekta, vyama vya wafanyakazi vikiwa mezani, na maafisa wa kazi wa wilaya wapewe usafiri wa kufika viwandani. Wakulima na wachuuzi, ambao ndio wengi, hakitawagusa moja kwa moja, na wao wanahitaji hatua nyingine.

Msomaji wa Hoima: "Mafuta yakianza kutoka, deni la taifa litakwisha?"

Halitakwisha, na anayekuambia hivyo anakudanganya. Mafuta yaligunduliwa mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 2022. Katika bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, mashirika ya umma ya Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Wawekezaji hurudishiwa gharama zao kwanza kutoka katika mafuta yenyewe, kwa hiyo miaka ya mwanzo sehemu ya serikali huwa ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 iliunda Mfuko wa Mafuta, lakini fedha zilizokwisha kuingia humo zilianza kuhamishiwa katika bajeti kabla pipa hata moja halijauzwa.

Wakati huo huo, familia nyingi zilizo kwenye njia ya mradi ziliambiwa zisipande kahawa wala migomba mipya baada ya mashamba kuthaminiwa, kisha zikasubiri fidia kwa miaka. Hilo nalo ni deni, na lilistahili kulipwa kwanza.

Fundi wa kuchomelea, Mbale: "Serikali imechukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni binafsi ya Umeme. Tunarudi kule kule kwa zamani?"

Mkataba wa Umeme wa miaka 20 uliisha Machi 2025, na UEDCL, shirika la umma la kusambaza umeme, ikachukua kazi hiyo. Tuseme ukweli: upotevu wa umeme ulipungua sana chini ya kampuni ya Umeme. Tuseme pia kwamba mkataba uliihakikishia faida ya asilimia 20 kwa mtaji iliouwekeza, na gharama hiyo ilikuwamo katika uniti unazonunua. Mimi naunga mkono umiliki wa umma, kwa sharti kwamba transfoma zinunuliwe kwa wakati na hesabu za shirika ziwe wazi. Bila hayo utachomelea gizani, na waliotaka ubinafsishaji watapata hoja mpya.

Mkulima, Kasese: "Parokia yetu hupata milioni 100 za PDM, lakini majina ya waliopewa hayajulikani."

Fedha hizo za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (parokia hapa ni eneo la utawala, si la kanisa), hukopeshwa kupitia SACCO ya parokia, yaani chama cha akiba na mikopo, hadi milioni 1 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na SACCO ni mali ya wanachama wake. Andikeni barua kwa karani wa parokia, wanachama wengi watie saini, mkitaka orodha ya wakopaji ibandikwe ofisini na isomwe katika mkutano mkuu. Nakala ipelekeni kwa mwenyekiti wa LC II, baraza la parokia, na kwa afisa wa biashara wa wilaya, na muhifadhi moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.