Hasha, Bwana

Niliokoka nikiwa na umri wa miaka 22, na kwa miaka 11 iliyofuata nilimwita Yesu Bwana kila siku huku pakiwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumruhusu alitawale. Nasema jambo moja kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolihesabu wakati huo. Baadaye nilielewa kwamba mtu anayemnyima Kristo jambo moja amebaki na kiti cha enzi chote, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeamua ni kipi kitolewe na ni kipi kizuiwe. Makala haya namwandikia mtu ambaye ameokoka, anaomba, anahudumu, na bado anajua moyoni kwamba kuna mahali ambapo neno la Kristo halijafika.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo machoni pa watu. Kazi yangu ilinitaka nisafiri mara kwa mara, na kila nilipotoka nilipewa masurufu ambayo nilipaswa kuyatolea hesabu kwa stakabadhi. Mwenye nyumba ya wageni niliyozoea kulala alikuwa akinipa stakabadhi mbili: moja iliyojazwa, na nyingine tupu yenye muhuri peke yake. Hiyo tupu niliijaza mwenyewe nikiwa mezani kwangu, kwa kalamu ambayo sikuitumia kwa kazi nyingine yoyote, tena kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wangu, nikiandika kwamba nimelala siku 5 mahali nilipolala siku 3. Nakumbuka jinsi herufi zilivyoyumba. Nakumbuka pia kwamba meza hiyo ndiyo niliyoitumia kuandaa masomo ya kikundi chetu cha Biblia, na kwamba kabla ya kuanza kuandika nilikuwa nikiisogeza Biblia pembeni ili nipate nafasi.

Wala sikuwa mnafiki wa makusudi. Nilifunga na kuomba kwa machozi kuhusu ndoa, kuhusu ugonjwa wa mama, kuhusu mwelekeo wa kazi yangu, na nilikuwa tayari kabisa kwenda popote ambapo Mungu angenituma. Ninapoyatazama maombi yale leo, naona kwamba nilimkabidhi Kristo yale niliyoshindwa kuyabeba, nikabaki na yale niliyoyamudu. Huko si kusalimisha maisha. Mtu anaweza kumwendea Kristo kwa miaka mingi kama mgonjwa anavyomwendea tabibu, au kama mwenye shida anavyomwendea tajiri, na asimwendee hata siku moja kama mtumishi aliye mbele ya bwana wake.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna kazi ya ziada hapa, kwa sababu neno bwana limetuzoea mno. Tunamwita bwana mtu tusiyemfahamu, tunamwita bwana rafiki tunapotaka atusikilize, na tunaposalimiana kwa kusema Bwana asifiwe, mara nyingi midomo inamaliza kabla akili haijafika. Waandishi wa Agano Jipya walitumia neno la Kiyunani kurios, ambalo lilitumika kwa mwenye mali na mwenye watumwa. Katika tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale neno hilohilo lilisimama mahali pa jina la Mungu mwenyewe, na watawala wa Rumi nao walilitaka liwe lao. Kusema Yesu ni Bwana ilikuwa ni kusema kwamba kuna mmoja ambaye amri yake ni ya mwisho, na wengine wote wenye mamlaka wako chini yake. Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya pili, alipoambiwa amlaani Kristo ili aachiliwe huru, alijibu kwamba amemtumikia kwa miaka 86 na hajatendewa naye baya lolote, basi angewezaje kumkufuru Mfalme wake aliyemwokoa. Aliuawa kwa ajili ya jibu hilo. Nilikuwa nikilisimulia tukio hilo kwa vijana kwa ufasaha mkubwa katika kipindi hichohicho nilichokuwa nikizijaza zile stakabadhi.

Kuna maneno mawili ya Petro ambayo yalinishika na hayajaniachia mpaka leo. Katika Matendo sura ya 10, akiwa juu ya dari huko Yafa, anaonyeshwa shuka ikishuka kutoka mbinguni na kuambiwa achinje na kula, naye anajibu: "Hasha, Bwana." Maneno hayo hayawezi kukaa katika kinywa kimoja. Ukisema hasha, umekwisha kumwondoa yeye katika ubwana, na ukisema Bwana, hasha haina tena mahali pa kusimama. Petro alikuwa ameacha nyavu, ametembea na Yesu, amejazwa Roho, amehubiri mbele ya maelfu, na bado alikuwa na hasha moja iliyobaki. Jambo hilo hunifariji na kunitisha kwa pamoja.

Yesu mwenyewe aliliuliza swali hili waziwazi katika Luka 6:46: "Na kwa nini mnaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Swali hilo linawahusu watu wanaomwita, yaani sisi wa ndani, na linataka jibu la jambo mahususi. Hapo ndipo ulipo ushauri wangu wa kwanza na ulio mzito kuliko mingine yote: acha kusalimisha maisha yako kwa ujumla. Maombi ya kusema "Bwana, natoa yote, chukua yote" ni mazuri, nami bado ninayaomba, lakini neno "yote" linaweza kuwa maficho. Nilitoa yote pale madhabahuni mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na katika hayo yote hazikuwemo stakabadhi, kwa sababu sikuzitaja. Jambo lisilotajwa kwa jina halijatolewa. Litaje kwa sauti, ukiwa peke yako, kama lilivyo: si "udhaifu wangu katika fedha" bali "siku mbili nilizoziongeza mwezi huu", si "changamoto katika mahusiano" bali jina la mtu na kile unachokifanya naye. Utajua umelifikia kwa sababu ulimi utakuwa mzito.

Kwangu mimi lilifikiwa kwa njia ya swali. Nilikuwa nikifundisha habari za Zakayo katika Luka sura ya 19, na dada mmoja wa kikundi, aliyekuwa amemwamini Kristo miezi michache tu kabla ya hapo, akauliza ni katika mstari upi ambapo Yesu anamwamuru Zakayo arudishe fedha. Nikatafuta, nikaona kwamba hakuna. Yesu anasema tu kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake, na Zakayo mwenyewe anasimama na kusema kwamba aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Mamlaka ya Kristo ilikuwa imeingia nyumbani, na fedha ya watu ikashindwa kuendelea kukaa humo. Nilimjibu dada yule vizuri tu, somo likaisha, tukaomba. Usiku ule sikulala.

Ilinichukua wiki tatu kwenda kwa mkuu wangu wa kazi. Katika wiki hizo nilimpendekezea Mungu njia nyingi nyingine: kwamba niache tu tangu sasa, au nitoe kiasi hicho kanisani kama sadaka, au niongeze muda wa maombi. Kila pendekezo lilikuwa ni hasha iliyovikwa nguo nzuri. Hatimaye nilikwenda na karatasi niliyoandika safari zote nilizoweza kuzikumbuka, nikaiweka mbele yake, na kwa dakika kadhaa hakusema neno. Sikufukuzwa, lakini niliondolewa katika safari, nikapewa barua ya onyo, na nikakatwa mshahara kwa miezi 14 mpaka deni likaisha. Wenzangu wawili waliacha kuzungumza nami, kwa hofu kwamba nilikuwa nimewataja. Nayaeleza haya kwa sababu zipo shuhuda nyingi ambazo mtu anatii asubuhi na kubarikiwa jioni, na sitaki umfuate Kristo kwa hesabu za namna hiyo. Yeye mwenyewe alisema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama.

Msomaji anaweza kuuliza ikiwa kusalimisha maisha maana yake ni kutokuwa na matakwa tena. Hapa nadhani wengi wameumizwa na mafundisho mabaya. Pale Gethsemane Yesu aliomba kikombe kimwondokee, na Mathayo anasema aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Hakujifanya kwamba anakitaka kikombe. Alisema anachokitaka, kisha akayaweka mapenzi ya Baba juu ya matakwa hayo. Kwa hiyo usisubiri mpaka moyo ukubali kwa furaha ndipo utii. Nilipokuwa nikipanda ngazi kwenda ofisi ile, sikuwa na amani yoyote. Nilikuwa na neno la Kristo na miguu iliyokuwa ikitetemeka. Petro, alipoambiwa atupe nyavu baada ya usiku mzima wa kazi bure, hakusema kwamba anaona samaki. Alisema, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Kuna onyo ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa nimeona watu wakiharibikiwa. Mamlaka yote mbinguni na duniani amepewa Kristo. Hakuna kiongozi wa kanisa aliyepewa. Akija mtu na kukuambia kwamba kujisalimisha kwa Kristo ni kumkabidhi yeye mshahara wako, uchaguzi wako wa mwenzi wa ndoa au dhamiri yako, huyo anakaa kwenye kiti kisicho chake. Petro aliwaagiza wazee wasijifanye mabwana juu ya waliokabidhiwa, bali wawe vielelezo. Vivyo hivyo, mtu anayepigwa nyumbani kwake asiambiwe kwamba kukaa na kuvumilia kipigo ndiyo kujikana nafsi. Kumtii Kristo hakumpi mtu mwingine haki ya kukuumiza. Mshauri mzuri wa kiroho nitamtambua kwa alama hii: anakufungulia Neno, anakaa kando, na anakuacha umjibu Kristo mwenyewe.

Na kwa nini mtu atii, ikiwa gharama ni kubwa na faida haionekani upesi? Akida wa Kapernaumu alinisaidia. Alimwambia Yesu kwamba yeye naye ni mtu aliye chini ya mamlaka, mwenye askari chini yake, na kwa hiyo anajua kwamba neno moja linatosha. Yesu akastaajabu na kuliita hilo imani kubwa kuliko aliyoiona katika Israeli. Akida alimwamini kwa sababu alimtambua ni nani. Mimi nilikuwa nimeishi kana kwamba amri za Kristo ni mzigo uliowekwa na mtu asiyenijua, ilhali anayeamuru ndiye yuleyule aliyemkazia macho kijana tajiri na kumpenda kabla ya kumwambia auze alivyo navyo. Nira anayoniwekea ni ya aliye mpole na mnyenyekevu wa moyo. Katika ile miezi 14 ya kukatwa mshahara nilianza kumjua hivyo, jambo ambalo miaka 11 ya kuhudumu haikunipa: niliomba bila kuwa na kitu cha kusogeza pembeni kwanza.

Luka anaongeza maneno ambayo wengine hawakuyaandika, kwamba msalaba tujitwike "kila siku." Nilipomaliza lile deni nilidhani nimefika. Haikupita miezi miwili kabla Kristo hajagusa jambo jingine, nalo ni namna ninavyozungumza na mwanangu mkubwa anapokosea, ile sauti ya chini yenye dharau ambayo nimeitetea kwa muda mrefu nikiiita malezi. Nilianza tena na mapendekezo yangu: kwamba nitabadilika polepole, kwamba yeye ni mtoto tu na atasahau. Jumamosi iliyopita nilimkuta akifunga kamba za viatu, nikaketi sakafuni karibu naye na kumwomba radhi kwa maneno niliyomwambia Alhamisi, nikiyataja yalivyokuwa. Hakuinua kichwa mara moja. Kisha akaniuliza kama nitamwambia hivyo tena, nami nikamwambia kwamba namwomba Bwana Yesu anizuie, na kwamba nikirudia ana ruhusa ya kunikumbusha.