Kisu chepesi cha kupandia miamba: usianze na mizani

Mkuu uliyeuliza kuhusu kisu cha kupandia miamba ya kando ya ziwa huku Kigoma, kisichozidi gramu 30, na kama kile cha kukatia karatasi chenye wembe wa kusukuma kinafaa. Hicho cha wembe achana nacho. Wembe wake umechorwa mistari makusudi ili uvunjike kipande kipande, na kitelezi chake kikibanwa kati ya paja na mwamba kinasogea chenyewe. Wembe unatoka, na jirani yake wa kwanza ni kamba yako.

Kuhusu gramu: mita moja ya kamba ya mm 9.8 ina gramu 60 na ushee. Spatha ndogo, kisu cha wapandaji cha kampuni ya Petzl, ina gramu 43, yaani haifikii hata uzito wa mita moja ya kamba uliyobeba mgongoni. Kati ya kisu cha gramu 20 na cha gramu 50, mwilini hutasikia tofauti. Utakayoisikia ni pale mkono mmoja umeshika kamba, wa pili umelowa jasho, na kisu hakifunguki.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza dukani ni mkono wa kushoto. Lowesha vidole, fumba macho, fungua, funga. Rudia kwa mkono wa kulia. Kikihitaji kucha kuingia kwenye kile kijifereji cha bapa, kirudishe. Tafuta chenye tundu kubwa au duara lenye mikwaruzo la kusukuma kwa dole gumba. Kisha kikiwa kimefungwa kitikise kwa nguvu, ncha ikiangalia chini: bapa likichungulia hata kidogo, hapana. Zipo aina ambazo karabina (ile pete yenye mlango ya kuunganishia vifaa) ikipita tunduni kisu hakiwezi kufunguka hadi ukitoe, na kwa kuning'inia kiunoni hizo ndizo ninazozipenda. Na lazima bapa lijifunge imara likiwa wazi. Visu vidogo vya mfukoni vingi havina kifungio, ukisukuma vibaya bapa linarudi kwenye vidole.

Bapa la sm 5 hadi 7 linatosha. Ncha iwe butu, maana mara nyingi utakata karibu na tumbo au paja la mtu. Makali nusu laini, nusu meno. Meno yanauma utepe wa Dyneema (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana), ambao ni mwembamba na unateleza, na yanaendelea kukata hata yakianza kuchoka. Sehemu laini ndiyo utakayoweza kuinoa mwenyewe kwenye jiwe. Meno yanataka tupa ndogo ya mviringo na subira. Mnoaji wa gurudumu la baiskeli mpe kisu cha jikoni. Hiki atakimaliza meno kwa dakika moja.

Chuma kisichoshika kutu ni bora kwa masika ya huku. Opinel ni kisu kizuri na chepesi, lakini mpini wake wa mti ukilowa unavimba na kulikaba bapa, na toleo la chuma cha kaboni linataka kufutwa kila jioni. Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye ekseli ya bapa, pale linapozungukia, suuza kwa maji safi, kausha, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Mawese yaache kwa maharage. Yanaganda na kunasa vumbi. Skrubu ya ekseli ikilegea, ikaze na uipake rangi ya kucha juu ili isijifungue.

Kukibeba: kitanzi cha hanesi (mkanda wa kupandia wa kiunoni na mapajani) pembeni, nyuma kidogo ya nyonga, mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Jaribu ukiwa umening'inia, si umesimama sebuleni. Usikivae shingoni kwa kamba ngumu, ikinasa inakunyonga. Funga kikamba cha mm 2 au 3 kwenye mpini, kirefu kiasi cha mkono ulionyooshwa, kikunje na ukibane pamoja na kisu kwa pete iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Pete hiyo inazuia bapa lisifunguke, na ukivuta inatoka. Kikamba kinakusaidia kisu kisimwangukie aliye chini.

Sasa matumizi yenyewe, maana hapa ndipo watu huumia. Kazi ya kawaida ni kukata tepe kuukuu zilizoachwa kwenye mti au mwamba wa kushukia, zilizopauka kwa jua na kukakamaa. Funga yako mpya kwanza, ikague, weka uzito wako juu yake, ndipo ukate ya zamani. Ivute mbali na mwamba itengeneze kitanzi, ingiza bapa ndani ya kitanzi, makali yaangalie nje, mbali na kamba yako na mbali na mtu. Kamba iliyolegea ina ubishi: ikunje juu ya makali na uvute. Iliyobeba uzito ni kitu kingine kabisa. Hiyo haihitaji kukatwa, inahitaji kuguswa tu. Gamba la nje linarudi nyuma kama soksi, nyuzi nyeupe za ndani zinachomoza na kupasuka moja baada ya moja, na hakuna muda wa kusema samahani. Ndiyo maana fulana au nywele zikinasa kwenye kifaa cha kushukia, kwanza hamishia uzito kwenye fundo la prusiki (kikamba kinachozungushwa kwenye kamba kuu na kuibana kikivutwa) juu yake. Mara nyingi nywele zinatoka zenyewe. Zisipotoka, kata nywele, na hapo kimkasi chenye ncha butu ni salama kuliko kisu chochote.

Ukikosa kisu kabisa, kikamba cha mm 5 au 6 cha nailoni kinakata utepe wa nailoni: kipitishe na uvute huku na huku haraka kama msumeno. Msuguano unayeyusha utepe pale unaposuguliwa. Hii pia ndiyo sababu kamba isipitishwe moja kwa moja ndani ya utepe wakati wa kumshusha mtu.

Na kamba ya kushukia ikinasa juu ukalazimika kuikata: jifunge kwenye nanga (kishikizo imara cha kwenye mwamba au mti) kwanza, vuta chini yote inayokuja, kata mahali pa juu unapofikia, usiipande ile iliyonasa. Zungushia plasta pale utakapokata, kata katikati ya plasta, kisha unguza ncha kwa kiberiti cha gesi nyuzi zisichomoke. Funga fundo mwishoni. Alama ya katikati iliyokuwa kwenye kamba sasa inadanganya, kwa hiyo kabla ya kushuka tena ikunje kamba mara mbili, utafute katikati mpya na uweke alama nyingine.